Bisha Ikiharibika

Mashua ya vijana ninaowanoa iliongoza mpaka boya la pili, mkondoni kati ya Shela na Manda, hapa Lamu. Kisha wakapiga bisha, yaani kuigeuza mashua ili upepo uje upande wa pili, wakaipiga vibaya. Mwenye demani, ile kamba ya tanga, alichelewa, tanga likajifunga mlingotini, mashua tatu zikawapita huku sisi ufukweni tumeshika vichwa. Kosa hilo halikunishangaza. Bahari ina yake. Kilichonishughulisha, kwa kuwa kazi yangu ni saikolojia ya michezo, ni kwamba bisha mbili zilizofuata nazo ziliharibika, na mkono ulikuwa uleule.

Jioni barazani kijana huyo wa demani akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa najiambia nisichelewe tena, nisichelewe tena."

Basi ndiyo yaliyomponza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila anapowajia. Kengele zikalia tu. Akili iliyokatazwa jambo hurudi kulichungulia, ijue kama limeondoka. Kwa hiyo anayempigia kelele baharia "Usikosee!" (na Lamu hatujapungukiwa na makocha wa ufukweni) anamkumbusha kosa lenyewe.

Tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sikiliza unavyotumika msemo huu: nusu ya kwanza hutamkwa, ya pili humezwa. Kuganga ni kazi, ina dawa yake na mikono yake. Baharia naye anataka cha kufanya, si cha kuacha.

Tukaanza na pumzi. Kila bisha ikiisha, nzuri au mbovu, anaitoa taratibu, ndefu kuliko aliyoivuta, maana pumzi ya kutoka ikirefuka mapigo ya moyo hutulia. Halafu anaishika kamba na kutamka neno moja linaloyaambia macho pa kwenda. Alichagua "mkono". Mwisho tukaweka sharti: tanga likijifunga, nalegeza demani, namtazama nahodha. Mipango ya namna hii, ya "likitokea hili nafanya hili", imechunguzwa sana na mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer. Uzuri wake ni kuwa uamuzi umeshapitishwa nchi kavu, kichwa kikiwa baridi.

Kisha tukawa tunaziharibu bisha makusudi mazoezini. Nahodha hakupendezwa.

"Mwalimu, wawafunza kuharibu?"

"Nawafunza kufungua tanga, nahodha."

Alinung'unika siku mbili, ya tatu akawa yeye ndiye anayelifunga.

Hayo ni ya baharini, ambako muda ulionao ni mpaka bisha ijayo. Baada ya mbio ni habari nyingine. Oktoba 2020 Eliud Kipchoge alimaliza wa nane marathoni ya London, akasema sikio lilimziba. Agosti 2021 akatwaa dhahabu ya Olimpiki huko Sapporo. Hapo katikati palikuwa na miezi kumi. Kwa hiyo siku ya kushindwa siwakalishi vijana kuchambua kitu. Wale, walale, tuonane kesho.

Mbio zilizofuata tanga lilijifunga tena, boya la kwanza kabisa. Walimaliza wa tatu. Kijana alipanda ngazi za gati akiwa ameloa chapachapa, na wala hakulitaja tanga. Aliniuliza kama anaruhusiwa kubadilisha neno lake.