Kuchanika msamba wakati wa kujifungua: maana yake, na kinachopunguza hatari

Msamba ni sehemu fupi ya ngozi na misuli iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Siku za kawaida hakuna anayeikumbuka. Siku ya kujifungua ndiyo inayotakiwa kutanuka mpaka kichwa cha mtoto kipite. Isipotanuka vya kutosha, au ikitanuliwa kwa haraka mno, huchanika. Habari hii huzungumzwa kwa sauti ya chini kwenye mabenchi ya kliniki ya wajawazito, iwe Mawenzi pale Moshi au Mount Meru pale Arusha. "Wewe ulishonwa?" "Nyuzi ngapi?" Anayeuliza mara nyingi ana mimba ya kwanza, na anayejibu mara nyingi hutia chumvi.

Idadi ya nyuzi haisemi mengi. Linalotakiwa kujulikana ni kina cha mchaniko. Daraja la kwanza ni ngozi tu, au utando wa mlangoni mwa uke, na wakati mwingine hauhitaji hata kushonwa. Daraja la pili limeingia kwenye misuli ya msamba: hushonwa palepale leba kwa ganzi, na nyuzi huyeyuka zenyewe. Daraja la tatu limefika kwenye msuli unaobana njia ya haja kubwa, na la nne limepita msuli huo mpaka utando wa ndani wa njia hiyo. Haya mawili ya mwisho ndiyo ya kuogopwa. Yasipoonekana, au yakishonwa vibaya, mama anaweza kukaa miezi au miaka hawezi kuzuia gesi wala choo.

Ukweli usiopendeza ni kwamba kuchanika kidogo ni jambo la kawaida sana. Nchini Uingereza, hadi wanawake 9 kati ya 10 wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza hupata mchubuko, mchaniko au hukatwa na mkunga. Lakini wanaofikia daraja la tatu au la nne ni kama 6 kati ya 100 kwa uzazi wa kwanza, na kama 2 kati ya 100 kwa waliokwisha kujifungua kawaida. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ana mafuta au zoezi la kukuhakikishia hutachanika. Kazi kubwa ni kuzuia mchaniko mdogo usiwe mkubwa.

Walio kwenye hatari zaidi wanajulikana: mzazi wa kwanza, mwenye mtoto anayezidi kilo 4, ambaye mtoto wake amegeuza uso kuelekea tumboni badala ya mgongoni, aliyesukuma kwa muda mrefu, na ambaye mtoto alivutwa kwa vakyumu au koleo. Huku kwetu kuna jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa kupita tu. Mkoa wa Arusha na jirani yake Manyara ni miongoni mwa mikoa ambako ukeketaji umeenea zaidi nchini. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, lakini wengi wanaoingia leba leo wana kovu tayari, na kovu halitanuki kama ngozi nzima. Mama wa namna hiyo asingoje mpaka uchungu uanze. Amwambie nesi mapema kliniki, apimwe, ijulikane atazalia wapi na nani atamhudumia.

Sasa tufike kwenye kuongezewa njia, yaani mkunga kuukata msamba kwa mkasi ili mtoto apite, maana hapa ndipo penye imani nyingi zaidi. Mama mkwe atakwambia, tena kwa nia njema, kwamba kukatwa ni bora kuliko kuchanika kwa sababu jeraha lililonyooka hupona upesi. Si kweli. Mkasi hukata ngozi pamoja na misuli, kwa hiyo kuongezewa njia tayari ni sawa na mchaniko wa daraja la pili, na huenda mama huyo angechanika ngozi tu, au asichanike kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018 kuhusu uzazi, linasema wanawake wasikatwe kama desturi. Kuna wakati inahitajika kweli: mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka na inabidi atoke sasa hivi, au anavutwa kwa vyombo. Hata hapo mama huelezwa, hukubali, hupigwa ganzi, na mkato huelekezwa pembeni, si moja kwa moja chini kuelekea njia ya haja kubwa. Ni haki yako kuuliza kliniki: hapa mnaongeza njia kwa sababu zipi?

Katika yote yanayosaidia, mimi ningeweka mbele zile dakika chache za mwisho. Unga wa chapati ukivutwa taratibu hutanuka, ukivutwa ghafla hukatika. Msamba nao unahitaji muda. Kichwa kikishatokeza na kubaki pale bila kurudi ndani, mama husikia moto, kama anaungua. Hiyo ndiyo dalili ya kuacha kusukuma kwa nguvu. Mkunga mzuri atamwambia aheme kwa mdomo, huku mkono wake mmoja ukizuia kichwa kisiruke na mwingine ukiushikilia msamba. Huko Norway, wakunga waliporudi kufundishwa ustadi huu wa mikono, michaniko mikubwa ilipungua sana. Tatizo ni kwamba chumba kizima huwa kinapiga kelele "sukuma, mama, sukuma!" Kelele hizo zina faida mapema, kichwa kikiwa bado juu. Kichwa kikifika mlangoni, ni heri wote wanyamaze na azungumze mtu mmoja tu, na mama amsikilize huyo.

Katika dakika hizohizo kitambaa cha uvuguvugu nacho husaidia. Kitambaa safi huchovywa kwenye maji ya moto yanayovumilika mkononi, hukamuliwa na kuwekwa juu ya msamba mama anaposukuma. Utafiti umeonyesha kwamba kinapunguza michaniko ya daraja la tatu na la nne, na miongozo ileile ya 2018 inakikubali. Hakigharimu kitu. Ila maji ya moto hayapatikani kila leba, na mwezi wa Julai hapa chini ya Meru yale ya bombani ni barafu tupu. Ndugu huleta chupa ya chai hata hivyo. Kama kituo kinaruhusu, ya pili ijae maji ya moto. Ulizeni kabla, msibishane na nesi usiku wa manane.

Kukanda msamba kabla ya uchungu ni habari nyingine, na inawafaa hasa wenye mimba ya kwanza. Huanza wiki ya 34 au 35. Ukishakata kucha na kunawa mikono, paka vidole gumba mafuta safi yasiyo na manukato. Ya nazi au ya alizeti yanatosha. Viingize kama sentimita 2 au 3, bonyeza kuelekea chini mpaka usikie mvuto usiouma, shikilia kama dakika moja, kisha kanda taratibu upande huu na ule. Dakika 5 zinatosha, mara moja au mbili kwa wiki. Wanaofanya kila siku hawajaonekana kupata faida ya ziada. Tumbo likishakuwa kubwa vidole havifiki vizuri, kwa hiyo wengine humwomba mume asaidie, na nyumba nyingi za Kichagga zitacheka kwanza kabla ya kukubali. Asifanye mwenye kutokwa damu, mwenye kondo lililokaa chini, aliyepasukiwa chupa, au mwenye fangasi au maambukizi mengine ukeni.

Mkao pia una uzito wake. Kulala ubavu, au kupiga magoti na kushika chini kwa mikono, huupunguzia msamba mzigo kuliko kulala chali miguu imetundikwa. Si kila kitanda wala kila mkunga atakubali, lakini kulala ubavu kunawezekana karibu kila mahali.

Yapo yasiyofaa. Katika baadhi ya jamii za wafugaji mjamzito hupunguza kula miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo. Anachopata mara nyingi ni upungufu wa damu, na damu hiyohiyo ndiyo ataihitaji akichanika. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu humtoa mtoto kwa kasi ileile inayochana, na zinaweza hata kupasua kizazi. Kukandamizwa juu ya tumbo ili mtoto atoke nako hakupendekezwi.

Kondo likishatoka, mkunga anatakiwa kukagua kwa mwanga wa kutosha, pamoja na kuingiza kidole njia ya haja kubwa, ili mchaniko wa daraja la tatu usifichwe na ngozi iliyo nzima juu yake. Kipimo hicho kinakera, lakini usikikatae. Michaniko ya daraja la tatu na la nne hushonwa na daktari chumba cha upasuaji, na mama hupewa antibiotiki na dawa ya kulainisha choo. Nyumbani, kidonda kisafishwe kwa maji safi na kukaushwa. Kumkanda mzazi tumbo kwa maji ya moto sana ni mila, lakini maji hayo yakimiminikia kwenye nyuzi humuunguza. Mtori wa bibi endelea nao, ila mtori mtupu wiki nzima unaweza kukufungia choo. Ongeza mchicha, papai na maji mengi. Jeraha likitoa usaha au harufu, homa ikipanda, au ukijikuta gesi na choo vinatoka bila ruhusa yako, rudi hospitali hata kama siku yako ya kliniki haijafika. Hilo la choo wengi hulificha kwa aibu, na linatibika.

Waliochanika vibaya huuliza kama wanaweza kuzaa tena kwa njia ya kawaida. Wengi wanaweza, uwezekano wa kurudia mchaniko mkubwa ni kama 5 hadi 7 kati ya 100. Mwenye dalili zinazoendelea ndiye anayehitaji kuzungumza na daktari kuhusu kujifungua kwa upasuaji. Kabla ya kuruhusiwa, omba daraja la mchaniko liandikwe kwenye kadi yako, kwa sababu wengi hapa huhudhuria kliniki Arusha, kisha siku zikikaribia wanakwenda kujifungulia kwa mama Moshi, na mkunga wa huko hana njia nyingine ya kujua.