Volti si wati: dhana potofu ambazo wanafunzi wangu huja nazo kuhusu umeme wa upepo

Nafundisha fizikia hapa Singida. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu hutengeneza kinu kidogo cha upepo: mapanga ya bomba la plastiki lililolainishwa kwa moto, mota iliyong'olewa kwenye redio ya kaseti, na multimita, kifaa cha kupima umeme. Upepo wa Singida hauna uhaba, lakini hautulii mpaka mtu amalize kusoma kipimo, kwa hiyo tunatumia feni ya mezani. Ndipo dhana potofu zinapojitokeza, na nyingi kati yake nimezisikia pia kwa watu wazima.

"Upepo ukiongezeka mara mbili, umeme nao huongezeka mara mbili."

Hii ndiyo inayonishughulisha kuliko zote, maana wanafunzi hawaibahatishi. Wanaipima. Wanasogeza feni, upepo unapanda kutoka mita 3 hadi mita 6 kwa sekunde, volti kwenye multimita zinakaribia kuwa maradufu, nao wanaandika hitimisho kwa wino. Kipimo chao ni sahihi. Kosa ni kudhani volti ndizo umeme wote. Kinachowasha taa ni wati, yaani volti (msukumo wa umeme) mara ampea (wingi wa umeme unaopita), na mota isiyounganishwa na kitu chochote haitoi hata wati moja.

Basi tunafunga rezista, kipande kinachozuia umeme kwa kiasi fulani, kwenye mota. Hapo nako kuna mtego: rezista iliyofaa upepo dhaifu haifai upepo mkali. Mwaka huu kundi moja lilijaribu rezista sita kwa kila kasi ya upepo, likachagua iliyotoa wati nyingi zaidi kila mara, kisha likalinganisha. Wati zilikuwa zimepanda karibu mara tisa. Binti aliyekuwa akiandika alikokotoa upya mara tatu kabla ya kuniita.

Hesabu yenyewe inasema mara nane. Upepo ulioongezeka kasi mara mbili huleta hewa maradufu kwenye mapanga kila sekunde, na kila kilo ya hewa hiyo hubeba nishati mara nne. Mbili mara nne ni nane, ndiyo maana tunasema umeme hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Kwa nini wao walipata tisa? Upepo ulipokuwa dhaifu, msuguano ndani ya mota ulimeza sehemu kubwa ya nguvu, ukaufanya mwanzo uonekane mdogo kuliko ulivyo.

Kipeo hicho cha tatu ndicho kinachoamua mradi ujengwe wapi. Mahali penye upepo wa mita 7 kwa sekunde pana nishati karibu asilimia 60 zaidi ya penye mita 6, wakati ngozi ya uso haiwezi hata kuhisi tofauti hiyo. Ndiyo sababu Kenya ilikwenda kujenga mbali vile, Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, ambako upepo hubanwa kati ya milima ya Kulal na Nyiru na wastani wake ni kama mita 11 kwa sekunde. Pale kuna mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310.

"Mapanga yakiwa mengi, umeme unakuwa mwingi."

Kila mwaka kuna kundi linalofunga mapanga kumi na mawili. Kinu chao huanza kuzunguka mapema na kina nguvu ya kusukuma, lakini huzunguka polepole. Vinu vya namna hiyo vinafaa kuvuta maji kisimani. Jenereta inataka mwendo.

Wengi pia hudhani upepo hulisukuma panga kama mkono unavyosukuma mlango. Ingekuwa hivyo, ncha ya panga isingeweza kuushinda upepo kwa kasi, na kwenye mitambo mikubwa ncha huenda kwa kasi mara kadhaa ya upepo wenyewe. Panga hufanya kazi kama tanga la jahazi linalobisha, yaani linaloukabili upepo: hewa hupita pande zake mbili kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayolivuta. Watu wa pwani wameitumia kanuni hii tangu zamani. Ningependa ianze kufundishwa kwa tanga, ndipo lije bawa la eropleni.

"Upepo hautegemeki, hauwezi kuendesha nchi."

Hubadilika, ndiyo. Lakini Kenya hupata zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wake kwenye upepo, ukichanganywa na mvuke wa ardhini wa Olkaria na mabwawa, ambayo huweza kutunza maji yake upepo unapovuma. Ugumu wa Loiyangalani ni wa saa: upepo huvuma sana usiku kuelekea asubuhi, watu wamelala, ilhali umeme unahitajika zaidi jioni. Na kulikuwa na ugumu wa nyaya. Mitambo ilikamilika 2017, ikasubiri laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda kituo cha umeme cha Suswa hadi Septemba 2018.

"Mitambo ya upepo inamaliza ndege."

Inaweza kuua ndege, hasa tumbusi, wanaoruka huku wakitazama chini. Ni suala la mahali na usimamizi. Kwenye mradi wa upepo wa Kipeto, Kajiado nchini Kenya, kuna watu wa kuangalia anga, na tumbusi akikaribia, mtambo husimamishwa.

"Nishati safi haina mgogoro."

Hii huja na wanafunzi wazuri zaidi, wanaoupenda upepo kama mimi, kwa hiyo sitaki kuipita haraka. Mitambo na barabara zake huchukua sehemu ndogo ya ardhi na mifugo huweza kulisha katikati, lakini hati ni jambo jingine. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kuwa hati za ardhi ya mradi ule wa Loiyangalani, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha sheria, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi. Tangu niwasomee habari hiyo, jedwali lao la kuchagua eneo la mradi, lililokuwa na kasi ya upepo, umbali wa nyaya na barabara, limeongezewa safu ya nne: nani anachunga hapa, na ameulizwa?