Skauti wa vipaji: anatazama nini, na kwa nini kazi yake imebadilika

Skauti ni mtu anayelipwa na timu ili akisie mchezaji kijana atakuwa nani miaka 4 au 5 ijayo. Hiyo ndiyo maana yake kamili, na wengi huikosea. Pale Kamalondo au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, mtu akisema "skauti amekuja", watoto wote wanadhani amekuja kuchagua aliye bora siku hiyo. Aliye bora siku hiyo anaonekana na kila mtu, hata na muuza karanga. Skauti ni sawa na anayenunua shamba la mahindi yakiwa bado mabichi: bei analipa leo, mavuno yako mbele, na katikati kuna mvua asiyoijua.

Mchezo ambao umeianika kazi hii wazi kuliko mingine ni hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Kwetu Lubumbashi hakuna barafu ya kuchezea, basi maelezo mafupi: kila timu ina wachezaji 6 uwanjani, kipa akiwemo, wanateleza juu ya viatu vyenye chuma, wanapiga kisahani cha mpira kwa fimbo, na kila kundi hucheza kama sekunde 45 tu kabla ya kupokezana. Ligi yao kubwa ni NHL, yenye timu 32. Kila mwaka timu hizo hukaa na kuchagua vijana kwa zamu, raundi 7, majina 224. Utaratibu huo ulianza 1963. Kijana anaingia kwenye orodha akiwa ametimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba. Kwa sababu kila jina na namba yake vimeandikwa hadharani, makosa ya skauti hayafichiki. Ukitaka kujua nani aliachwa na nani akachukuliwa mahali pake, unafungua orodha ya mwaka ule na kuhesabu.

Zamani skauti wa hoki alikuwa na gari, daftari na eneo lake la Kanada. Alipenda miili mikubwa, maana mwili mkubwa unaonekana ukiwa umekaa jukwaani. Timu zote zilikwenda viwanja vilevile na kurudi na majina yaleyale. Detroit Red Wings, timu moja ya NHL, ndiyo iliyofaidika zaidi na uvivu huo. Mwaka 1989 walimchukua Msweden Nicklas Lidström akiwa wa 53. Mwaka 1998 wakamchukua Mrusi Pavel Datsyuk akiwa wa 171; alikuwa mdogo wa mwili, na timu zote zilikuwa zimempita mwaka 1996 na 1997. Mwaka 1999 ikawa zamu ya Henrik Zetterberg, wa 210. Hao watatu walinyanyua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, pamoja mwaka 2008. Hapakuwa na uchawi. Detroit walikuwa na mtu anayeishi Sweden na kutazama mechi ambazo wenzao hawakuwa na mtu wa kuzitazama.

Kilichobadilisha kila kitu ni pesa. Kuanzia msimu wa 2005–06, NHL iliweka kikomo cha mishahara kwa kila timu: dola milioni 39. Huwezi tena kununua nyota 6 waliokomaa. Kijana wa miaka 18, mkataba wake wa kwanza ni wa miaka 3 na mshahara wake una kikomo, kwa hiyo akikua haraka timu inapata mchezaji mkubwa kwa bei ya mdogo. Kosa la skauti likawa ghali, na kila aliyedai "nina jicho" akaanza kuulizwa ushahidi.

Ushahidi huo ndio takwimu, lakini magoli ni takwimu dhaifu kwa kijana. Anayefunga magoli 40 katika ligi nyepesi anaweza kuwa chini ya anayefunga 8 akicheza na watu wazima. Ndiyo maana wachambuzi huanza kwa kupima uzito wa ligi, kisha dakika alizocheza, kisha waliokuwa naye uwanjani. Pasi ya mwisho kabla ya goli wanaihesabu kuliko ile ya kabla yake, kwa kuwa ya nyuma mara nyingi ni bahati. Wanaangalia pia anavyoingia eneo la adui: je, anabeba kisahani mwenyewe, au anakitupa mbele na kukikimbilia? Hata ukubwa wa uwanja unahesabiwa. Kiwanja cha Amerika kina upana wa mita 26 hivi, na vingi vya Ulaya vilikuwa na karibu mita 30. Kijana aliyezoea mita 4 za ziada anaonekana mtulivu, hadi nafasi inapopungua.

Video nayo iliingia kwa nguvu wakati wa korona. Ligi ya vijana ya Ontario ilifuta msimu mzima wa 2020–21, na skauti wakalazimika kuchagua kwa kutazama mikanda. Waligundua faida yake: unatazama mechi 3 kwa siku badala ya 1, unarudisha nyuma, unamwonyesha mwenzako. Ubaya wake ni kwamba kamera inafuata kisahani. Humwoni kijana anafanya nini akiwa mbali nacho, wala uso wake kocha anapomtoa. Siku hizi timu makini huanza na takwimu ili kupunguza majina, hufuata video ili kuuliza maswali, na mwisho hutuma mtu uwanjani na maswali hayo mkononi. Zamani ilikuwa kinyume.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi ni umri. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 1985 kwamba katika hoki ya vijana, waliozaliwa Januari hadi Machi ni wengi kupita kiasi, na wa Oktoba hadi Desemba ni wachache. Makundi yanakatwa tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari ana karibu mwaka mzima wa kukua zaidi ya wa Desemba. Anachaguliwa kwa kuwa mkubwa, anafundishwa zaidi kwa kuwa amechaguliwa, na baadaye anaonekana kweli ana kipaji. Tarehe ya mpaka inaweza kumgusa hata nyota: Auston Matthews alizaliwa 17 Septemba 1997, siku 2 baada ya mpaka wa NHL, akasubiri hadi 2016, ndipo akachukuliwa wa kwanza kabisa.

Hapa Lubumbashi kuna tabaka la pili la tatizo: karatasi. Kuandikisha mtoto ni ndani ya siku 90 tangu azaliwe; ukipita hapo unahitaji jugement supplétif, hukumu ya mahakama ya kumwandikisha aliyechelewa. Familia nyingi huitafuta siku mtoto anapotakiwa na timu, na hapo mwaka wa kuzaliwa huwa unalainika. Kijana wa 17 anacheza na wa 14, anawabeba begani, skauti anaandika "nguvu ya ajabu". Miaka 3 baadaye wenzake wamemfikia na hakuna kilichobaki. Aliyedanganywa kwanza ni timu, lakini anayelipa ni kijana. FIFA ilianza kutumia picha ya MRI ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009: mfupa ukiwa umefunga kabisa, yaani umemaliza kukua, karibu haiwezekani awe chini ya 17. Mashine hiyo si ya kila klabu, ila kipimo cha urefu kila mtu anakiweza. Mpime kila baada ya miezi 3, ukutani palepale, bila viatu, asubuhi. Uliza pia urefu wa baba na mama. Mvulana hukua kwa kasi zaidi akiwa na miaka 13 au 14, hata sentimita 9 au 10 kwa mwaka, na katika kipindi hicho hujikwaa, mguso unaharibika, anachelewa kugeuka. Makocha wengi humtupa hapo hapo. Usimtupe, andika tarehe, mrudie baada ya miezi 6. Na yule aliyeacha kurefuka akiwa na "miaka 14" ya karatasi, anza kumwuliza maswali.

Uwanjani kwenyewe, fika wakati wa kupasha misuli. Chagua mchezaji mmoja na umtazame dakika 15 bila kufuata mpira. Hesabu mara ngapi anageuza kichwa kutazama nyuma kabla ya kupokea. Huyo anayegeuza amekwisha kuamua kabla mpira haujafika. Tazama sekunde 5 baada ya kupoteza mpira: anarudi, au anamnyooshea mwenzake mkono? Mtazame mara 3 angalau: nyumbani, ugenini, na dhidi ya wakubwa kuliko yeye.

Halafu soma udongo. Kuanzia Mei hadi Septemba viwanja vya mitaani ni vumbi na mawe; mpira unaruka ovyo, na mtoto hujifunza kuukanyaga kwanza kwa wayo ndipo acheze. Mpeleke kwenye nyasi bandia kama za uwanja wa TP Mazembe na tabia hiyo inamchelewesha, hata kama akili yake ni nyepesi. Hilo linarekebishika kwa mazoezi. Asiyejua pa kupeleka mpira hata ukitulia mguuni, huyo ni suala jingine. Skauti asiyetofautisha hayo mawili atawaacha watoto wa mitaa yetu ya Kenya na Katuba wote.

Jicho la uwanjani halijafa, lakini. Mwaka 2011 Mazembe ilicheza na Simba ya Dar es Salaam kwenye Ligi ya Mabingwa, ikamwona Mbwana Samatta akiwa upande wa pili, ikamchukua mwaka huohuo. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa Afrika nao, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji.

Kwa video, simu inatosha ikishikwa kwa ulalo kutoka mahali pa juu, hata juu ya lori, ikionyesha nusu ya uwanja na si mpira peke yake. Rekodi mechi nzima, sema tarehe, timu na namba ya jezi mwanzoni. Video ya dakika 3 ya magoli haimwambii skauti makini chochote, na anayekuomba pesa ya "tesiti ya Ulaya" baada ya kuitazama ni tapeli. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wakihamia huko kwa jambo lisilohusu mpira.

Ripoti nzuri ina alama 2: ya leo na ya miaka 4 ijayo, na pembeni sababu ya tofauti. Ikiwa alama zote ni sawa, aliyeiandika hajafanya kazi yake.

Klabu ndogo nayo ina hesabu yake. Mchezaji anapouzwa nchi nyingine kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kwa uhamisho wa dola 1,000,000, kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 una dola 2,500, na kila msimu wa 16 hadi 23 una dola 5,000. Aliyemlea misimu 4 ya mwanzo anastahili dola 10,000, hela inayonunua mipira ya miaka mingi. Inalipwa kwa kufuata usajili, kwa hiyo mtoto apewe lisensi ya msimu akiwa na miaka 12, kwa jina lililo kwenye cheti chake, likiandikwa kwa herufi zilezile kila mwaka.