Kujenga busti kabla ya kuondoka: kwa nini kupiga resi peke yake hakutoshi

Lisimamishe gari lenye turbo, weka nyutro, kisha lipige resi hadi mizunguko 5,000 kwa dakika. Kelele utaipata, lakini itazame geji ya busti, yaani shinikizo la hewa inayoshindiliwa na turbo: sindano itarukaruka kidogo na kubaki chini ya sifuri, au kuigusa tu. Busti haiji kwa sababu injini inazunguka kwa kasi. Inakuja pale injini inapobebeshwa mzigo. Basi kujenga busti kabla ya kuondoka ni kuibebesha injini mzigo, au kuipa turbo moto wa ziada, magurudumu yakiwa bado yametulia, ili unapoachia breki au klachi hewa iliyoshindiliwa iwe imeshajaa kwenye manifoldi, mabomba yanayoigawia silinda hewa.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Feni ya upande wa ekzosi huzungushwa na gesi za moto zinazotoka kwenye silinda. Ya pili huvuta hewa safi, huishindilia na kuipeleka kwenye injini kupitia intakula, ile rejeta ndogo ya kupoza hewa. Gari likiwa nyutro, hewa kidogo na petroli kidogo zinatosha kuizungusha injini, kwa hiyo ekzosi inatoka dhaifu. Hamali anayesukuma mkokoteni mtupu hahemi. Upakie magunia ya saruji ndipo utazisikia pumzi zake, na turbo inaishi kwa pumzi hizo.

Kwenye gari la otomatiki mzigo unapatikana kwa breki. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta: mapanga mawili yanayotazamana ndani ya oili, moja likizungushwa na injini, la pili likienda kwenye gia. Ukishika breki na kukanyaga mafuta, panga la pili haliwezi kuzunguka, na injini inahangaika kulisukuma kupitia oili hadi inakwama, mara nyingi kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa konveta ya kiwandani. Kuhangaika huko ndiko mzigo wenyewe.

Oili ya giaboksi iwe imeshapata moto kwa mwendo wa kawaida, angalau dakika 15. Mguu wa kushoto ukandamize breki hadi mwisho kabla ya kugusa mafuta, gia ikiwa D. Mguu wa kulia ushuke taratibu hadi nusu ya safari ya kanyagio. Sindano itatoka kwenye hasi, ipite sifuri, ifike bar 0.2 au 0.4 (bar 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida). Hesabu sekunde mbili, tatu ukizidisha, kisha achia breki kwa mkupuo huku ukimalizia mafuta. Usiendelee kushikilia ukingoja busti kamili, maana nguvu yote ambayo haiendi kwenye magurudumu inageuka kuwa joto ndani ya konveta. Oili ikivuka nyuzi 120 inaanza kuungua. Ukiichomoa stiki yake utaiona imekuwa ya kahawia na inanuka kama mkate ulioungua. Baada ya kila jaribio weka N, injini izunguke taratibu dakika moja au mbili ili pampu iipitishe oili kwenye rejeta yake. Ukilizima gari papo hapo, joto linabaki lilipo.

Wengi hukwama kwenye breki zenyewe. Chupa ya sevo inayoifanya breki kuwa nyepesi hutegemea mvuto wa manifoldi, na mvuto huo hutoweka mara tu busti inapoanza. Akiba iliyomo inatosha kukanyaga mara moja au mbili. Dereva anayepampu breki hapo hukuta kanyagio limekuwa gumu kama jiwe na gari linajisogeza lenyewe. Kanyaga mara moja, shikilia. Magari mengi ya miaka ya karibuni yatakugomea kabisa, kwa sababu kompyuta hukata mafuta ikihisi kanyagio zote mbili zimekanyagwa.

Gari la gia za mkono halina konveta, kwa hiyo hapa kazi inafanywa na kompyuta ya injini. Fundi huweka kikomo cha pili cha mizunguko, tuseme 4,000, kinachofanya kazi klachi ikiwa imekanyagwa na gari limesimama. Unakanyaga mafuta hadi chini. Ikifika 4,000 kompyuta inakata cheche kwenye baadhi ya silinda, na nyingine inazichelewesha. Kwa kawaida plagi huwasha kabla pistoni haijafika juu kabisa. Hapa inawasha pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, wakati mwingine digrii 10 au zaidi baada ya kilele. Mwako unakuwa haujaisha valvu ya ekzosi inapofunguka, na sehemu ya moto huo inamalizikia ndani ya manifoldi ya ekzosi, mbele ya feni ya turbo. Ile milio kama ya fataki inatoka hapo. Kukata petroli badala ya cheche kunazuia mizunguko vilevile, lakini hakuna cha kuungua nje ya silinda, kwa hiyo busti inayopatikana ni kidogo sana.

Gharama ya moto huo ni kubwa. Joto la ekzosi linaweza kupita nyuzi 900, na hapo manifoldi hupasuka na valvu za ekzosi huungua. Katalisti, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, huyeyuka na kuziba njia, kisha mwenye gari huanza kulalamika kwamba gari limekosa nguvu bila kujua kwamba amejizibia mwenyewe. Sekunde tatu zinatosha. Plagi ziwe za daraja moja la ubaridi zaidi ya zile za kiwandani, na mwanya upunguzwe hadi milimita 0.7 hivi ili cheche isizimwe na shinikizo. Klachi ya kiwandani haitadumu. Kwenye Subaru za gia 5, zenye magurudumu manne yanayosukuma, tairi zikishika lami vizuri kinachovunjika ni meno ya gia. Na niseme wazi: Subaru Forester yenye turbo yake ndogo ya kiwandani, inayojaa kwenye mizunguko kama 3,000, haihitaji vurugu hii yote. Hii ni dawa ya turbo kubwa iliyofungwa baadaye, ile isiyoamka hadi 4,500.

Malindi ina jambo lake. Tuko usawa wa bahari, ambapo shinikizo la hewa ni takriban bar 1.01, ilhali Nairobi, juu kiasi cha mita 1,700, ni kama bar 0.83. Turbo huamka mapema zaidi huku pwani, na hilo ni la kufurahia. Lakini geji ya kawaida husoma kile kilichozidi hewa ya nje tu. Gari lililopimwa Nairobi kwa bar 1, busti yake ikidhibitiwa na vali ya skrubu, lilikuwa na jumla ya bar 1.83 kwenye manifoldi. Likishuka Malindi, geji inaonyesha bar 1 ileile, ila jumla ni 2.01, yaani karibu asilimia 10 zaidi, tena kwa hewa ya moto zaidi. Injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka yenyewe ndani ya silinda, na kugonga huko ndiko kunakopasua pistoni. Lipimwe upya huku huku, au busti ipunguzwe kidogo kwa skrubu hiyo kabla ya kujaribu chochote.

Msimu wa kaskazi ni mbaya kuliko kusi, kwa kuwa hewa ni ya moto na gari lililosimama halipitishi upepo kwenye intakula. Intakula iliyokaa juu ya injini, kama ya Subaru, hunyonya joto la chini yake. Fungua boneti, ngoja dakika tano au zaidi kati ya majaribio. Na mahali pawe uwanja uliofungwa na kuruhusiwa, si barabara ya Mombasa yenye tuktuk na pikipiki. Karibu na ufuo angalia pia mchanga juu ya lami, maana tairi zitateleza na busti yote itaishia kwenye moshi.

Kama sindano inapanda hadi 0.2 kisha inagoma, usianze kuongeza mizunguko. Mara nyingi hewa inavuja. Chumvi ya bahari hula klempu za mipira ya intakula, na mpira ulegeao unaweza usivuje injini ikitulia lakini ukafunguka busti ikija. Ziba mdomo wa turbo, pampu hewa ya bar 1, pakaza maji ya sabuni kwenye kila kiungo na utafute mapovu. Klempu mpya ziwe za chuma kisichoshika kutu.