Picha za Bisa Butler hazikupakwa rangi

Wengi wakiziona picha za watu za Bisa Butler, msanii wa Marekani ambaye baba yake ni Mghana, husema ni michoro ya rangi. Sivyo. Ni vitambaa vitupu. Huanza na picha ya zamani, mara nyingi nyeusi na nyeupe, kisha hukata vipande vya vitenge, hariri na mahameli na kuvipanga tabaka juu ya tabaka. Sogea karibu na uso: kivuli cha shavu ni kipande cha bluu, mwanga wa pua ni cha waridi, na mshono wa cherehani umepenya hadi kitambaa cha nyuma. Ni ufundi uleule wa blanketi za viraka, ambao Wamarekani weusi wamerithishana tangu enzi za utumwa. Yeye kushona alifundishwa na mama na bibi yake.