Nyumba moja, majina matatu

Ukinunua umeme kwa mara ya kwanza mwezi ukianza, usikimbilie zile tarakimu 20 za tokeni. Soma meseji yote. Umelipa 10,000. Kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini), asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na kando yake kuna 1,500 iliyokatwa kabla hujapewa uniti hata moja. Hiyo ndiyo kodi ya majengo. Kwa wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam, meseji hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya kodi ya nyumba yao waliyowahi kuiona kwa macho, na wengi wanaifuta ili simu ipumue.

Mimi ni mthamini kwa taaluma. Watu huja kwangu wakitaka kujua nyumba inauzika shilingi ngapi, lakini nusu ya kazi huwa ni kuwatafutia karatasi. Swali langu la kwanza huwa moja: nyumba hii iko kwa jina la nani? Wananishangaa. Kwa jina langu, si ndiyo naishi humo? Basi tunaanza kupekua, na mara nyingi tunakuta nyumba moja ina majina matatu. Ardhi ina jina lake, mita ya umeme ina lake, na anayetoa hela ya kodi ni mtu wa tatu kabisa.

Tuanze na jengo. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya kodi ya majengo ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, mamlaka ya mapato ya taifa. Baadaye kikaja kiwango kimoja kwa wote, 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Tarehe 20 Agosti 2021 makato yakaingizwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa sakafu. Julai 2023 yakapanda hadi 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Kama mthamini nina kinyongo kidogo na mpangilio huu, sifichi. Nyumba ya chini yenye bwawa la kuogelea Masaki na nyumba ya vyumba viwili Mbagala zote ni 18,000. Thamani haihesabiki tena, inahesabika mita. Lakini kwa upande wa kukusanya, hakuna aliyewahi kubuni njia iliyomfikia kila mwenye nyumba upesi namna hii.

Sasa angalia kilichobadilika. Zamani kumbukumbu ilikuwa ya jengo na mwenye jengo. Leo imefungwa kwenye namba ya mita, na makosa karibu yote ninayoyaona yanatokea hapo. Nyumba yenye mita mbili, moja ya ndani na nyingine ya banda la uani, inaweza kukatwa mara mbili, na mwisho wa mwaka umetoa 36,000 badala ya 18,000. Fremu mbili za duka ukutani, kila moja na mita yake, nazo zinaweza kusomeka kama majengo yanayojitegemea. Nyumba ya sakafu mbili inakatwa 15,000 kwa mwezi. Ikiandikwa tatu kwa makosa ni 22,500, na hakuna atakayekuja kugonga hodi kukwambia. Kinyume chake kipo pia, ghorofa linalokatwa 1,500 kama kibanda, na mwenyewe kanyamaza. Huyo siku ya kuuza atanitafuta.

Halafu kuna deni. Mita isiponunuliwa umeme haisahau. Nyumba ikikaa imefungwa miezi sita, ya kawaida tu, inalimbikiza 9,000. Mpangaji mpya anaingia Jumamosi, anaweka 10,000, anapata umeme wa kuwasha taa jioni mbili. Ugomvi unaanza hapo, naye ana haki ya kukasirika, maana kisheria kodi hii ni ya mwenye jengo. Mpangaji ni mtu aliyekutwa tu kwenye mita. Ushauri wangu kwa wapangaji ni kutunza zile meseji na kuhesabiana na mwenye nyumba kodi ya chumba inapofika. Kwa wenye nyumba, andikeni jambo hilo kwenye mkataba kabla hamjaandikiana maneno mengine.

Ukiona makato hayaeleweki, nenda ofisi ya TRA ya wilaya jengo lilipo. Usiende mikono mitupu. Beba namba za mita zote zilizomo kwenye kiwanja, hata ile ya pampu ya kisima, meseji za miezi mitatu hivi, kitambulisho chako, na barua ya serikali ya mtaa inayosema hapo kuna jengo moja la aina fulani. Barua hiyo ya mtaa watu wanaidharau, lakini mtu wa mezani hajawahi kuiona nyumba yako. Mjumbe wako anaiona kila siku. Mzee aliyetimiza miaka 60, au mwenye ulemavu asiye na kipato, ana msamaha kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Mfumo hautambui mvi, lazima aombe. Na nyumba yake ya pili aliyoipangisha haimo kwenye msamaha huo.

Hayo ni ya jengo. Ardhi iliyo chini yake ina daftari lingine kabisa, na hapa ndipo watu wenye elimu zao wanapojikwaa. Wanasema, nakatwa kwenye LUKU, sidaiwi. Unadaiwa. Kodi ya pango la ardhi haipiti kwenye LUKU. Ni ya Wizara ya Ardhi, inaingia kila mwaka wa fedha unapoanza Julai, na inamhusu kila mwenye kiwanja kilichopimwa na kumilikishwa. Neno pango lina maana yake halisi. Kwa sheria ya Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Hati uliyonayo ni haki ya kukaa miaka 33, 66 au 99 kwa masharti, na sharti mojawapo ni kulipa pango. Kwa hiyo hata wewe mwenye nyumba una mwenye nyumba wako. (Ile kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye kodi ya upangishaji ni jambo la tatu, tuliache leo lisije likatuchanganya.)

Kuipata ankara ya pango si kazi ngumu. Unahitaji namba ya kiwanja, kitalu na eneo, kwa mfano Kiwanja Na. 120 Kitalu C, kama vinavyosomeka kwenye hati. Unaweza kuanza kwa simu kupitia *152*00#, au ukaenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, ukapewa namba ya malipo, ile ambayo mtaani tunaiita kontroli namba. Watu wengi huishia hapo, wanalipa, wanaondoka. Mimi nakuomba uisome kwanza.

Angalia mita za mraba. Pango linahesabiwa kwa ukubwa wa kiwanja zidisha kiwango cha eneo lako na matumizi yako, kwa hiyo tarakimu ikikosewa wakati wa kuingizwa kwenye kompyuta, unalipia ardhi ya jirani. Linganisha na ramani ndogo iliyoambatishwa nyuma ya hati. Kisha angalia matumizi. Makazi na biashara havitozwi sawa, na nimeona nyumba za kulala watu zikisomeka biashara kwa sababu miaka ya nyuma mwenye nyumba wa kwanza alifungua grosari. Angalia pia miaka inayodaiwa. Risiti za zamani, hata zile za karatasi za kaboni zilizofifia, zipigie picha leo, maana malipo ya kabla ya mifumo ya sasa hayakuhamia yote, na anayetakiwa kuthibitisha ni wewe.

Kitu kingine cha Dar es Salaam peke yake: jina la wilaya. Manispaa za Ubungo na Kigamboni zilizaliwa tulipokwisha kujenga, na Ilala ikapanda kuwa Jiji mwaka 2021. Hati ya Sinza au Kimara ya zamani inasema Kinondoni, ilhali jalada lako leo ni la Ubungo. Mtu akikwambia kiwanja hakionekani, kabla hujapata presha, muulize ametafuta kwenye manispaa ipi.

Mwisho ni jina, na hili ndilo linalonilaza macho. Mkataba wa mauziano haubadilishi jina popote. Hata ukigongwa mihuri ya wakili na mtaa mpaka karatasi ilowe wino, daftari la Msajili wa Hati linaendelea kumtambua muuzaji mpaka uhamisho usajiliwe, na uhamisho una gharama zake, ikiwemo ushuru wa stempu na kodi ya faida ya mauzo. Ndiyo maana watu wanaahirisha. Lipa ada ndogo ya upekuzi kwa msajili, utaambiwa kwa maandishi nani anamiliki, na kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama. Fanya hivyo hata kwa nyumba uliyoishi miaka 20.

Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, aliletewa taarifa ya deni la pango kwa jina la baba yake aliyefariki miaka mingi nyuma. Ndugu walikuwa wakilipa pale walipokumbuka, kila mtu kwa mwaka wake, na hakuna aliyekuwa amefungua mirathi. Tulianzia mahakamani akateuliwa msimamizi, tukakusanya risiti kutoka nyumba nne za ukoo, moja ilikuwa imewekwa ndani ya Biblia, nyingine imetumika kuandikia namba ya simu ya fundi bomba. Miaka mitatu ya deni ikafutika kwa risiti hizo, iliyobaki akalipa. Ikafuata safari ya kuandikishwa kwa jina lake. Ankara ya Julai ilipotoka ikiwa na jina lake aliipiga picha akanitumia. Mita bado inasoma jina la fundi umeme aliyewaombea umeme mwaka walipohamia. Hiyo tumeipanga wiki ijayo.