Msimamizi wa maonyesho ya sanaa: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: ni mtu wa kutundika picha ukutani.

Kutundika huja mwishoni, tena mara nyingi ni kazi ya mafundi. Miezi mingi kabla ya ufunguzi, msimamizi huwa anazunguka studio za wasanii, anaomba kuazimwa kazi, anavutana na watu wa bima na wasafirishaji, anaandika maelezo ya ukutani. Sanduku likifika kutoka nje halifunguliwi papo hapo. Kwa kawaida huachwa kama saa 24 ili mchoro uzoee hewa ya chumba. Kisha mhifadhi, yaani fundi wa kutunza kazi za sanaa zisiharibike, anaukagua kwa tochi iliyoinamishwa ubavuni, na kila mkwaruzo unaandikwa na kupigwa picha. Ule ambao haukuandikwa siku hiyo, siku ya kurudisha mtaulizwa ninyi. Kazi za karatasi huwekewa mwanga hafifu, kama laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga mkali huzichujisha rangi. Wageni hulalamika kuwa chumba ni kiza. Waacheni walalamike.

Dhana: bila shahada ya sanaa huingii.

Msimamizi Okwui Enwezor, mzaliwa wa Calabar, Nigeria, alisomea sayansi ya siasa Marekani, akaandika mashairi, na mwaka 1994 akaanzisha Nka, jarida la sanaa ya Afrika. Msimamizi mwenzake Koyo Kouoh, wa Douala, Kamerun, alisomea biashara na benki Uswisi, kisha akaanzisha kituo cha RAW Material Company jijini Dakar. Mwaka 2019 alikabidhiwa makumbusho ya Zeitz MOCAA, Cape Town. Kusoma walisoma, tena sana, ila si kwa kupitia mlango huo.

Dhana: Mwafrika huitwa kwa ajili ya sanaa ya Kiafrika tu.

Mwaka 2002 Enwezor aliongoza Documenta ya 11, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa mjini Kassel, Ujerumani, akiwa wa kwanza kutoka nje ya Ulaya. Mwaka 2015 akasimamia maonyesho makuu ya Biennale ya Venice, tamasha la sanaa la kila miaka miwili huko Italia, yenye wasanii wa kila bara.

Dhana: ndiye anayeuza picha.

Hapana. Anayeuza ni mwenye duka la sanaa. Msimamizi wa makumbusho akianza kula kamisheni, hapo kuna tatizo.

Dhana: yeyote anaweza kuchagua, mradi banda (ukumbi wa nchi katika maonyesho kama ya Venice) lina jina la nchi.

Hili linatuuma sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2013 banda la Kenya kule Venice lilijaa wasanii wa China, Wakenya wakiwa wachache. Orodha ya 2015 ilipotoka na sura ileile, wasanii wa Nairobi walipiga kelele hadi serikali ikalikana banda hilo. Mwaka huohuo, katika maonyesho makuu aliyoyapanga Enwezor, msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alikuwamo.